Kengele ya saa ya mzee imenyamaza? Usikimbilie kuipaka rangi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mikindani alifungua fundo la leso juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na saa ya mkono ya Kirusi, Poljot, mkanda umeoza na kioo kimefifia.

"Mwanangu, hii ya marehemu mume wangu. Kutembea inatembea, kengele ndiyo imekufa. Na hapo usoni nipakie rangi, ing'ae."

"Kengele tutaitazama, mama. Rangi hapana."

Akaninunia. Basi nikaona bora niandike, maana saa za namna hii huletwa dukani kila baada ya muda, na ombi ni lilelile.

Saa ya mkono yenye kengele ya ufunguo haina betri. Poljot kama ile ina springi mbili: moja inaendesha majira, nyingine ni ya kengele tu, na kila moja ina kitufe chake pembeni cha kuzungusha ili kuijaza. Muda ukifika, springi ya pili inaachiwa na kinyundo kidogo kinagonga kijiti kilichopachikwa kwenye mfuniko wa nyuma. Sauti haitoki kwenye mashine, inatoka kwenye mfuniko. Ndiyo maana fundi wa haraka akibandika mfuniko wa saa nyingine, au akiufunga upande, kinyundo hupiga hewa na mwenye saa huambiwa mashine imekwisha. Ya mama ilikuwa hivyo. Nyingine hata hazina ubovu: kitufe cha juu kimesukumwa ndani, na kikiwa ndani kengele imefungwa. Kivute nje. Hiyo silipishi.

Kuifanya sauti hiyo itoke kwenye kitu kidogo hivi kuliwatesa Waswisi miaka mingi. Waliofaulu kuiuza kwa wingi ni Vulcain, kwa saa waliyoiita Cricket, yaani nyenje, mwaka 1947. Ni mwaka uleule Waingereza walipoanza ule mradi wa karanga uliotuachia bandari hapa Mtwara. Siri ya nyenje ilikuwa mifuniko miwili nyuma, wa nje umetobolewa matundu ili mlio upate pa kutokea. Marais wa Marekani kama Truman na Eisenhower waliivaa. Warusi waliunda mashine yao kwa kuiga ya Kiswisi, na mwaka 1966 Seiko wakatoa Bell-Matic, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ingawa kengele yake bado unaitia ufunguo. Kisha zikaja saa za kwatzi, yaani za betri, kuanzia 1969, na ufundi huu ukawekwa kando.

Wakusanyaji wa leo wanazitafuta kwa sababu hiyo, na mtu anayejua saa huangalia uso kwanza. Uso ulioiva rangi ya chai, wenye maandishi ya kiwandani, huutolea bei nzuri. Uliopakwa upya hata kwa mkono mzuri humfanya aulize ni nini kingine kimebadilishwa. Mimi nasafisha, natia mafuta, nabadilisha kioo cha plastiki na mkanda. Uso na mishale siigusi, hata ukiongeza pesa.

Lakini mama hakuja kuuza. Mumewe alikuwa utingo wa gari la Dar, enzi zile kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, gari linalala Ndundu kusubiri kivuko. Usiku alikuwa anaitega saa kumi na moja na kulala mkono chini ya shavu. Haikuwa kelele tu, ilimtekenya mkono. Nyumbani, mwezi wa Ramadhani, ilitegwa saa kumi kwa ajili ya daku, na kwa kuwa mshale wa kengele haujui usiku wala mchana, ukisahau kuifunga na springi ina nguvu italia tena saa kumi alasiri. Watoto walikuwa wanaisubiri hiyo ya pili wacheke.

Nilipopata mfuniko unaofaa nikaitega saa dakika mbili mbele nikampa mama ashike. Ilipolia, hakusema kitu. Aliigeuza tu, akaisikiliza mpaka springi ikaisha. La rangi halikurudi tena.

Ukija na yako, usiifungue nyumbani kwa kisu. Leta kila kilichobaki, hata mfuniko wenye kutu, hata kitufe kilichong'oka. Vipuri hivi havipatikani sokoni kwetu na wakati mwingine nasubiri saa nyingine mbovu ili niichukulie kipande. Hewa ya chumvi ya hapa inaingia mapema, hivyo usiiweke kabatini miaka bila kuitazama. Na msimu wa korosho pesa zikitoka foleni inakuwa ndefu, kwa hiyo afadhali uilete kabla ya Oktoba.