Shukrani kwa aliyetuonyesha kontrola inavyopimwa

Ndugu yangu usiyependa kutajwa, asante sana. Majaribio yetu ya kontrola, yaani sehemu ya programu inayopokea ombi la wavuti na kuamua jibu, yalikuwa yakiwasha seva nzima pamoja na hifadhidata, na yakifeli hujui kosa liko wapi. Ukasema: ipe kontrola hazina bandia (kitu cha kuigiza mahali pa sehemu inayosoma na kuhifadhi data) kupitia konstrakta (msimbo unaoiunda kontrola), iagize hazina hiyo isirudishe mtumiaji yeyote, kisha hakikisha jibu ni 404 (yaani "haikupatikana") na kwamba mbinu ya kuhifadhi ya hazina hiyo haikuitwa hata mara moja. Hilo la mwisho ndilo lililonifumbua macho! Na onyo lako, kwamba kitu bandia hakithibitishi kama anwani ya wavuti (URL) inafika kwenye kontrola sahihi wala kama SQL (lugha ya kuagiza hifadhidata) iko sawa, nimelishika. Majaribio machache ya mfumo mzima tumeyabakiza. Wenzangu wote wanakusalimu.