Pikapu ikigoma kuwaka, tazameni moshi kabla ya kushusha pampu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wenye pikapu wa Tabora, na mafundi wenzetu pia, juu ya ugonjwa mmoja: stata inazungusha injini, lakini injini haiwaki. Hilux au Land Cruiser ya dizeli inavutwa kwa kamba kutoka Sikonge au Kaliua, na kabla boneti haijafunguliwa hukumu imeshatoka: pampu ya kusukumia dizeli kwenye injini imekufa. Pampu inashushwa na kupakiwa kwenye basi la Mwanza ikapimwe. Inarudi, inafungwa, na gari limegoma vilevile.

Pampu ya dizeli huchoka polepole. Gari lililoingia uani jana likivuta vizuri, leo likagoma, lina sababu nyingine karibu kila mara.

Kwanza tukubaliane maana ya "inazunguka". Dizeli haina cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa ikibanwa taratibu joto linapotelea kwenye chuma. Weka mita kwenye betri. Ikiwa imepumzika isome volti 12.6 hivi, na stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, safisha vichwa vya betri na waya wa ethi unaofungwa kwenye injini, kisha jaza chaji. Na ikiwa stata inazungusha kwa wepesi usio wa kawaida, sauti moja nyororo bila yale mapigo ya kubana, acha papo hapo: huenda mkanda wa taiming, unaofungua valvu kwa wakati wake, umekatika, na kila mzunguko unaoongeza unagonganisha valvu na pistoni.

Betri ikiwa nzima, nenda nyuma ya gari. Mmoja apige stata kwa sekunde 10, mwingine atazame mdomo wa ekzosi. Stata ipumzishwe angalau nusu dakika kabla ya kurudia, maana nyingi huungua hapa hapa, gari likitafutiwa ugonjwa mwingine. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ndani ila hayawaki. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Kipimo hiki hakina gharama, na kinagawa kazi nzima katika njia mbili.

Tuanze na pasipo moshi, kwa sababu ndiko pampu inakosingiziwa. Kwenye pampu za zamani, kama za injini za 3L, 5L na 1HZ, kuna solenoidi ya kuzimia, yaani koki ndogo ya umeme inayofungua na kukata dizeli, yenye waya mmoja. Swichi ikiwashwa, waya huo uwe na volti 12 na solenoidi itoe mlio mdogo, "ta!". Kama waya hauna umeme, angalia fyuzi, kisha ufuate waya wenyewe. Panya wa maghala ya mahindi hupenda joto la injini na hutafuna chochote. Kama umeme upo na mlio haupo, kilichokufa ni solenoidi. Ni kitu kidogo kinachofunguliwa kwa spana, pampu ikiwa palepale.

Solenoidi ikiwa nzima, shuku upepo na maji. Fungua koki iliyo chini ya filta, mwaga kidogo kwenye chupa inayoonyesha, uache itulie dakika tano. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara wakati wa mvua huleta maji hayo kila mara. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini na haikazi hata baada ya mara thelathini, mfumo unavuta upepo mahali fulani: oringi (pete ya mpira) ya filta iliyobadilishwa juzi, mpira wa mafuta uliopasuka chini ya klipu, au bomba lililooza kwenye chesisi. Upepo huingia pasipo tone kuonekana nje, ndiyo maana wengi huapa kwamba hakuna kinachovuja.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni cha dumu. Weka lita 3 za dizeli safi kwenye dumu, liinue juu kuliko pampu, vuta mpira unaoonyesha hadi kwenye mlango wa kuingizia mafuta wa pampu, na mpira wa kurudishia uutie kwenye dumu hilohilo. Legeza nati mbili za mabomba kwenye nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) kwa spana ya 17, nusu mzunguko tu, piga stata mpaka dizeli iruke bila povu, kaza. Gari likiwaka, pampu ni nzima; tafuta ugonjwa kwenye tangi, mabomba au filta. Lisipowaka, na dizeli hairuki kabisa kwenye nati, hapo sasa pampu ishushwe kwa haki.

Moshi mweupe una habari fupi zaidi. Mara nyingi ni plagi za joto, zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, hasa asubuhi za Juni na Julai. Toa waya wake, pima kila plagi kwa mita: nzima husoma omu kidogo tu, 2 au pungufu, iliyokufa haisomi kitu. Tafadhali usizijaribu kwa kuzigusisha kwenye betri. Baadhi ni za volti 6 na huungua mkononi mwako. Zikiwa nzima zote na umeme unafika, pima mbano wa hewa (kompresheni). Silinda zikiwa chini ya baa 20, hakuna plagi itakayozisaidia.

Na ile tabia ya kunyunyizia petroli kwenye mdomo wa hewa "ili ishtuke" iachwe. Petroli hulipuka kabla ya wakati wake, huvunja ringi na hata pistoni, na plagi za joto zikiwa na moto huweza kuwasha uso wa fundi.

Hilux za D-4D, kama zenye injini za 1KD na 2KD, zina sheria nyingine. Huko usilegeze nati ya bomba la presha kubwa hata kidogo. Injini ikiunguruma, presha inaweza kuvuka baa 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi. Injini hizi haziwaki mpaka reli, bomba la pamoja linalolisha nozeli zote, ijenge presha ya kutosha wakati wa stata, kwa hiyo unahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Presha ikikataa kupanda, pima kwanza mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Moja inayovujisha sana huangusha reli nzima, na lawama huangukia pampu kama kawaida.

Pikapu ya petroli haitusumbui sana: sikiliza kama pampu ya tangini inalia, tazama cheche, na uangalie kama taa ya ufunguo (ya ulinzi dhidi ya wizi) inamweka.

Tunajua kwa nini mafundi wanakisia. Mteja hulipa kipuri kilichobadilishwa, hakubali kulipa kipimo. Vipimo vya moshi, solenoidi na dumu havimalizi saa moja. Vilipwe kama kazi, hata fundi asipobadilisha kitu, na majibu yake yaandikwe kwenye risiti: volti ngapi, moshi gani, dumu liliwasha au halikuwasha. Asiye na majibu hayo asiruhusiwe kugusa pampu.

Mafundi magari,
Ng'ambo, Tabora