Tangawizi baada ya kutapika haina kazi

Mhariri,

Kusi likivuma, abiria wengi wa Faza, Kizingitini na Kiunga hupanda chombo na kipande cha tangawizi mfukoni cha kuzuia ulevi wa bahari, yaani kichefuchefu cha safarini, nao hukitoa wakati wameshainamia ubavu wa boti. Hapo wamechelewa. Moyo ukishachafuka, tumbo huzembea kusukuma kilichomo, na utakachomeza kitarudi njia ile ile. Tangawizi huliwa nchi kavu.

Kipimo ni nusu kijiko cha chai cha tangawizi ya unga, yaani karibu gramu 1, ndani ya kikombe cha maji moto, nusu saa hadi saa moja kabla ya safari. Ikiwa ni mbichi, chukua kipande kama pingili ya kidole gumba, kikate vyembamba, kichemshe dakika 10 sufuria ikiwa imefunikwa. Soda ya tangawizi haimo katika hesabu hii. Nyingi ni sukari na gesi tu. Mwenye kiungulia asiinywe tumbo tupu, mjamzito asipite gramu 1 kwa siku bila ushauri, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Nayo si ya uhakika: wako inaowafaa, wako isiowafaa.

Kinachofaa zaidi hakiuzwi dukani, nacho ni mahali pa kukaa. Ulevi wa bahari ni ugomvi wa macho na masikio. Ndani kabisa ya sikio mna vifereji vya majimaji vinavyohisi kila mwendo. Ukiinamia simu, macho huuambia ubongo kwamba umetulia, huku sikio likishuhudia kwamba unapanda na kushuka. Basi tazama mbali, pale mbingu inapokutana na maji, si mikoko ya kando inayopita mbio. Ukishindwa, fumba macho, lala, kichwa kisichezecheze.

Omo, yaani mbele ya chombo, hurushwa juu na kupigwa chini kwa kila wimbi. Tezini, yaani nyuma, pana moshi wa mashine. Katikati ndipo panapotikisika kidogo. Tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wazee, ila mgonjwa asishuke ngamani kwenyewe, chini kabisa ndani ya chombo, kwani maji yaliyolala humo na harufu ya samaki yatammaliza. Manahodha, tunawaomba nafasi za kati msizijaze magunia. Wapeni wenye kulevywa na bahari, hasa watoto wa miaka 2 hadi 12, ambao ndio huathirika zaidi. Ndani ya Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mtu anaweza kuvumilia popote. Chombo kikitoka nje ya Manda na kukutana na mawimbi ya bahari kuu, kuhamishana viti ni hatari.

Chakula nacho. Mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, kisha boti saa moja baadaye, ni kujitafutia balaa. Tumbo tupu pia halifai. Mkate mkavu au biskuti chache na maji kidogo zatosha.

Dalili za mwanzo ni miayo, mate kujaa mdomoni na jasho la baridi. Zikianza, weka vidole vitatu vya mgonjwa juu ya mkono wake wa pili, upande wa ndani, kuanzia mkunjo wa kiganja kuelekea kwenye kiwiko. Chini tu ya kidole cha tatu, katikati ya mishipa miwili migumu, bonyeza kwa kidole gumba dakika mbili tatu. Ushahidi wake ni hafifu, lakini kubonyeza huko hakuna madhara. Ganda la ndimu la kunusa ni hivyo hivyo, na angalau linafukuza harufu ya petroli. Manukato makali yaacheni nyumbani.

Akitapika, ainamie upande wa demani, unakokwenda upepo, laifu jaketi ikiwa imefungwa na mtu amemshika. Baada ya hapo anywe kidogo kidogo maji lita 1 yaliyotiwa vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazishwa, visijazwe kilima.

Mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kulevywa na bahari. Akitapika njiani, tafuteni sababu nyingine. Na mtu mzima anayehisi kitanda kinayumba usiku ule aliofika asihofu, kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au ikiandamana na homa au sikio kuuma, aende hospitali.

Wasafiri wa baharini,
Lamu