Barua ya wazi kwa vijana wa promosheni: pigeni hesabu kabla ya kushona fulana

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoshika maiki juu ya Fuso, mnaogawa sampo stendi, na mnaobaki ofisini kuchora mabango. Ubunifu mnao, tena wa kumwaga. Kinachowaangusha ni hesabu, hasa ile ya siku mteja anapouliza, "Mtafikia watu wangapi?" nanyi mkajibu elfu tano kwa kuwa inapendeza masikioni.

Ipigeni hivi. Promota anayeeleza bidhaa, akaonjesha na kuandika namba ya simu hutumia kama dakika 3 kwa mtu mmoja, na dakika 1 nyingine kumpata anayefuata. Hao ni watu 15 kwa saa. Zamu ikiwa ya saa 6, toeni saa nzima ya chakula, swala na lile jua la saa saba ambalo hakuna anayesimama kumsikiliza mtu. Zinabaki saa 5, yaani watu 75. Mapromota 8 watafikia 600 kwa siku, na kwa siku 3 watafikia 1,800. Mteja aking'ang'ania 5,000 ndani ya siku hizohizo, mnahitaji mapromota 23, na bajeti isome hivyo. Au fupisheni maelezo na muache kuandika namba, kila mtu achukue dakika 2 pamoja na za kumpata anayefuata, mpate 3,600 kwa walewale 8. Amueni na mteja mezani, kabla LPO, ile hati ya mteja ya kuagiza kazi, haijatoka.

Msipoamua, promota atawaamulia. Kijana aliyepangiwa watu 200 kwa siku, na posho yake imefungwa kwenye idadi hiyo, ikifika saa tisa atakaa chini ya mwembe ajaze fomu mwenyewe. Dalili zake zinajulikana: namba za simu zinazofuatana, mwandiko mmoja ukurasa mzima, watu 40 ndani ya saa moja. Msimamizi achague jina moja katika kila kumi na apige simu jioni ileile. Akibaini udanganyifu, msiishie kumfukuza kijana mkaliacha lengo lilelile limsubiri mwenzake kesho.

Na hizo namba za watu si mali yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Fomu iseme namba inachukuliwa kwa kazi gani, na mwenyewe akubali. Ile tabia ya kupiga picha karatasi na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la timu, iacheni kabisa.

Kabla hamjakodi spika, tembeleeni maduka. Siku 4 kabla ya shughuli, mtu mmoja azunguke kwa kina Mangi wote walio karibu na eneo, ahesabu bidhaa iliyopo rafuni. Promosheni nzuri iliyofanyika Mbagala wakati maduka ya jirani hayana mzigo ni kumtangazia mshindani, kwa sababu aliyeonja ataingia dukani leo jioni, akikosa atachukua iliyopo. Mkikuta rafu tupu, mwambieni mteja asogeze tarehe. Atakasirika kidogo. Avumilie.

Sasa mabango, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Herufi ya kusomeka vizuri iwe na kimo cha kama sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Bango la kusomwa kutoka mita 20 linataka herufi za sentimita 20 hivi, na mtu aliye ndani ya daladala inayotembea hasomi zaidi ya maneno 7. Msimbo wa QR upana wake uwe sehemu moja ya kumi ya umbali: mtu akisimama mita 2, uwe sentimita 20. Faili la kiwandani liwe la CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, na ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande kwa vipeperushi. Ile bluu inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta ni ya mwanga, wino hauwezi kuifikia, kwa hiyo ombeni kipande cha majaribio kwenye nyenzo ileile itakayotumika. Namba ya simu isomwe kwa sauti na watu wawili ambao hawakuichora. Aliyeichora huona anachotarajia kuona.

Umeme. Jenereta ya kVA 5 hutoa kama kilowati 4, nanyi msiipakie zaidi ya kilowati 3.2, la sivyo besi ikipiga kwa nguvu mixa inazima. Waya wa kuzungushia ufunguliwe wote hadi mwisho. Ukibaki umejiviringa kwenye gurudumu hupata joto na kuyeyuka. MC asitembee mbele ya spika, maiki italia mluzi. Petroli haiongezwi injini ikiwa ya moto.

Vibali havina utamu, ila bila hivyo hamtaanza: kibali cha halmashauri, taarifa polisi, leseni ya hakimiliki kwa muziki wa hadharani. Zawadi zikitolewa kwa bahati nasibu, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iidhinishe kabla tangazo halijatoka. Kisha mwoneni mwenyekiti wa soko, na wapiga debe msiwapite bila salamu, kwa sababu ndio wenye stendi.

Fedha: ombeni nusu mapema. Posho na mafuta hulipwa kila jioni, wakati mteja hulipa baada ya siku 30 au 60. Kumbukeni kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Milioni 10 inafika mkononi ikiwa milioni 9 na laki 5. Wengi huigundua faida imeshaliwa.

Imebaki ripoti. Picha 30 za watu wanaocheka hazimsaidii mteja kitu. Mpeni mauzo ya maduka yaleyale kwa wiki 2 kabla na wiki 2 baada, pamoja na maduka machache ya mtaa ambao hamkufika, ayalinganishe. Na idadi iandikwe kama ilivyo. Mliahidi 1,800 mkapata 1,560, andikeni 1,560, na chini yake mweleze kwamba Jumamosi mvua ilinyesha kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mapromota 8, saa 2, watu 15 kwa saa: ni wale 240 waliokosekana, na mteja anaweza kuwahesabu mwenyewe.

Mzee wenu.