Darasa la Jumamosi: mahali pamebadilika

Asalaam aleikum, na hamjambo kina mama na kina baba.

Darasa lipo, ila ukumbi wa Majengo una harusi, nasi hatushindani na harusi. Tutakutana uani kwa mweka hazina wetu, Kisauni, saa tisa alasiri. Tumalize kabla ya magharibi.

1. Lishe. Muuguzi atapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa ule mkanda wa kupima unene wa mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, hiyo ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali: mtoto apelekwe kliniki mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Njooni na kitabu cha kliniki. Kisha tutapika mchicha na dagaa wa nazi. Mwenye sufuria kubwa aseme.

2. Pesa. Andikeni matumizi yote ya wiki hii, hata mahamri ya asubuhi na bando la simu. (Mie yangu nimeyaona, nimenyamaza.)

3. SHA, bima ya afya ya serikali. Ambaye hajajisajili aje na kitambulisho na simu, tutabonyeza *147# pamoja.

Mchango ni sh. 150, umfikie mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, maana Ijumaa alfajiri twaenda Kongowea kununua vitu. Aliyekwama aniandikie pembeni, tutaelewana.

Tafadhali jibuni leo kabla ya Isha: andika "Naja" na idadi ya watoto. Kidole gumba sikihesabu, sijui ni cha kuja au cha kusoma tu.