Kabla ya kuchapisha grafu ya hofu ya wananchi

Mhariri,

Kila ugonjwa unapolipuka, hazikosi grafu za hisia za wananchi zilizochotwa mitandaoni. Kazi hiyo ina faida kubwa ikifanywa sawasawa: afisa wa afya anajua ni uvumi gani wa kujibu leo, kabla watu hawajaikimbia chanjo. Lakini programu nyingi zinazopima hisia hizo zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, na wakazi wa Nairobi huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja.

Chukua "siogopi sindano". Programu inayosaka mzizi wa kuogopa itaiweka kwenye hofu, kwa sababu ukanushaji umejificha kwenye kiambishi cha mwanzo. Inayolinganisha neno zima na orodha yake haitaona chochote. Kijana akiandika "chanjo iko poa mbaya", anasifu. Mashine inasoma "mbaya" na kuandika lalamiko. Emoji ya kucheka hadi machozi nayo, chini ya habari ya bili ya hospitali, mara nyingi ni uchungu mtupu. Kutafsiri kwanza kwa Kiingereza hakusaidii, maana Sheng ndiyo hupotea njiani. AfriSenti, mkusanyo wa mwaka 2023 wa jumbe za Twitter zilizowekewa alama za hisia, una Kiswahili miongoni mwa lugha 14 za Afrika, nasi tunaupongeza, ila alama zake ni chanya, hasi na katikati tu. Hofu na hasira zote huangukia hasi, ilhali mwenye hofu anataka maelezo na mwenye hasira anataka hatua ichukuliwe.

Hasira nayo lazima iulizwe inamlenga nani. Kafyu ya korona ilipoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, watu wengi walikasirishwa na virungu vya polisi. Anayeihesabu hasira hiyo kuwa upinzani dhidi ya barakoa atatoa ushauri wa kupotosha.

Kwa hivyo kazi ianze na jumbe za angalau wiki nne kabla ya mlipuko, ili kiwango cha kawaida kijulikane. Januari peke yake hujaa malalamiko ya karo. Maneno ya kutafutia yawe yale watu wanayoandika kweli: korona, corona, covid, rona. Hesabu akaunti badala ya jumbe, la sivyo akaunti chache zinazorudia ujumbe uleule zitageuka kuwa "umma". Kisha wasomaji wawili wanaoielewa Sheng ya mtaani waweke alama kwenye jumbe 400 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kila mmoja peke yake. Kipimo cha makubaliano yao, kappa (1 ni makubaliano kamili), kikiwa chini ya 0.6, maelekezo yaandikwe upya kabla mashine haijaguswa. Hapa ndipo wengi hukata kona, kwa kuwa ni kazi ya siku kadhaa na haina mvuto.

Sampuli ya 400 ina ukingo wa makosa wa karibu asilimia 5 juu na chini. Hofu ikipanda kutoka asilimia 31 hadi 34, hiyo si habari.

Tena, mazungumzo mengi ya familia na mitaa yamo kwenye vikundi vya WhatsApp ambavyo mchambuzi haruhusiwi kuvisoma, na wako wasio na bando kabisa. Matokeo yalinganishwe na maswali yanayopigwa 719, namba ya simu ya Wizara ya Afya, na yale wanayoyasikia wahudumu wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba.

Faragha nayo isisahauliwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitambua hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kufuta jina hakutoshi: ukinukuu ujumbe neno kwa neno, yeyote anaweza kuutafuta mtandaoni na kumfikia mwenyewe. Elezeni kiini chake kwa maneno mengine.

Tunawaomba wahariri, mkiletewa grafu ya aina hii, mdai mambo matatu kabla ya kuichapisha: orodha ya maneno yaliyotafutwa, idadi ya akaunti, na kiwango ambacho mashine ilikubaliana na wasomaji wa hapa.

Wachambuzi wa data ya afya,
Nairobi