Mwalimu wa kike asianze kwa kuuliza mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwajibu, kwa heshima, wasomaji wawili ambao hivi karibuni waliwashauri walimu wa Kiingereza nchini, hasa wanawake wenye uzoefu, waende wakafundishe ng'ambo "popote panapolipa vizuri". Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika mkoa huu wa Tabora kwa mwaka wa 23 sasa. Nimefundisha Urambo, nimefundisha Sikonge, na katikati ya safari hiyo nilichukua likizo bila malipo ya miaka 2 nikaenda kufundisha katika shule binafsi ya nchi moja ya Ghuba, kule Uarabuni. Leo ninapoandika nina barua mbili za ajira mezani, moja kutoka Muscat, Oman, na nyingine kutoka Kigali, Rwanda, kwa hiyo jambo hili silizungumzi kwa kusikia. Neno "popote" ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu ziko nchi ambazo sheria yake inamtambua Mtanzania kuwa mwalimu wa Kiingereza, na ziko nyingine ambazo hazimtambui hata kama amesahihisha mitihani ya Taifa kwa miaka kumi mfululizo.

Hilo la kutambuliwa ndilo mawakala wa ajira hawalitaji mpaka mtu awe ameshalipa. Korea Kusini, ambayo matangazo yake huzunguka sana katika makundi ya WhatsApp ya walimu, hutoa viza ya kufundisha Kiingereza mashuleni kwa raia wa nchi 7 tu, nazo ni Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uwe na shahada ya uzamili, uwe umefundisha kidato cha sita tangu enzi za ubao wa chaki, pasipoti yako haimo katika orodha hiyo. China nayo, katika kutoa vibali vya walimu wa Kiingereza, huwatanguliza raia wa nchi zinazohesabiwa kuwa Kiingereza ni lugha yao ya mama, na huko soko lenyewe lilitikisika mwezi Julai 2021, serikali ilipobana kampuni za masomo ya ziada ambazo ndizo zilizokuwa zikiajiri wageni wengi.

Sisemi haya ili kuzilaumu sheria za watu, maana kila mwenye nyumba ana haki ya kuweka mlango anapotaka. Ninachokisema ni kwamba wakala anapomwambia mwalimu wa kike aende China kwa viza ya masomo au ya matembezi, na kwamba "mengine yatarekebishwa huko huko", anampeleka kufanya kazi bila kibali. Mwanamke asiye na kibali hawezi kwenda polisi akidhulumiwa mshahara, hawezi kumshitaki mwenye nyumba anayempigia hodi usiku, na hata akiugua huanza kwa kufikiria nani atamwona hospitalini. Uzoefu wa miaka 20 hapo haumsaidii chochote, kwa kuwa mbele ya sheria yeye hayupo.

Hata Uingereza, wenye lugha yao, hawakutuwekea kiti. England ilipowarahisishia njia ya kutambuliwa walimu wa nchi nyingine 9 mwezi Februari 2023, zikiwamo Ghana, Nigeria, Zimbabwe, India na Afrika Kusini, sisi hatukuwamo, na waliokuwa wakitafutwa walikuwa walimu wa hisabati, sayansi na lugha za kigeni. Kwingine, kama Thailand, mlango upo, lakini mwalimu asiyetoka katika nchi zinazohesabiwa kuwa Kiingereza ni lugha yao ya mama hutakiwa kuonyesha cheti cha mtihani wa kupima Kiingereza chake. Matokeo ya IELTS, mmojawapo wa mitihani hiyo, huhesabika kwa miaka 2 tu, kana kwamba Kiingereza ni maziwa na huganda kikikaa. Mimi nilipanda basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwenda kuufanya, nikakaa chumba kimoja na vijana niliowazidi umri mara mbili, na sikuona haya. Naikubali gharama hiyo kwa sababu ukifaulu mtihani, angalau unahesabiwa kwa unachokijua.

Ghuba ninaijua, na hapo niruhusu, Ndugu Mhariri, nikae kidogo. Siku ya kwanza niliyofika, mwaka 2016, karani wa shule alikusanya pasipoti za walimu wageni wote "kwa ajili ya usalama" akazifungia kabatini. Sisi wanawake tulikuwa 11, kutoka Ufilipino, Misri, Kenya na mimi wa Tanzania, tukawekwa katika jengo moja ambalo geti lake lilifungwa saa nne usiku, ilhali jengo la walimu wanaume ng'ambo ya barabara halikufungwa hata mara moja. Binti mmoja kutoka Ulaya, mwenye uzoefu wa miaka 3, alifundisha darasa lile lile nililofundisha mimi kwa mshahara uliokaribia mara mbili ya wangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea maandalio yake ya somo nimsahihishie. Nilipouliza, mkuu wa shule alinijibu kwa upole kwamba wazazi hulipia lafudhi. Hayo yote nilivumilia. Lililonishinda lilikuja mama yangu alipolazwa huku nyumbani, kwa kuwa wakati ule sheria ya nchi ile ilimtaka mfanyakazi mgeni apate ruhusa ya mwajiri ndipo atoke nchini, na ruhusa yangu ilichukua siku 9. Nilimkuta mama yu hai, namshukuru Mungu, lakini zile siku 9 sijazisahau.

Tuwe wakweli, mengi yamebadilika tangu hapo, na anayehukumu Ghuba ya leo kwa visa vya jana anawapotosha wenzake. Qatar iliondoa sharti la ruhusa ya kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, ikawaongeza wengine mwaka 2020, na mwaka huo huo ikamruhusu mfanyakazi kuhama mwajiri bila barua ya mwajiri wa zamani ya kumwachilia. Oman nayo ililegeza sharti la barua hiyo kuanzia Januari 2021 kwa mtu aliyemaliza mkataba wake. Umoja wa Falme za Kiarabu una sheria mpya ya kazi iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inayomkataza mwajiri kushikilia hati za mfanyakazi na inayompa mfanyakazi mgeni kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Hapo kwenye kiinua mgongo ndipo walimu wengi wanapopigwa chenga, kwa sababu kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Shule inaweza kumwandikia mwalimu jumla nono, lakini ndani yake mshahara wa msingi ukawa mdogo na sehemu kubwa ikaitwa posho ya nyumba, posho ya usafiri na posho ya hiki na kile, na siku ya kuondoka anapokea bahasha inayomshangaza. Barua yangu ya Muscat ina jumla inayopendeza macho, nayo nimeisoma mara nne. Kuhusu nyumba inasema "makazi ya pamoja" bila kueleza pamoja na nani, watu wangapi chumbani, na ufunguo utakaa kwa nani. Mwalimu wa kiume anaweza kulipita neno hilo bila kulitazama, lakini mwanamke wa miaka 48, ambaye usiku mwingine huamka jasho likimtiririka na anahitaji kufungua dirisha lake bila kuomba radhi kwa mtu, hawezi kulipita. Niliandika kuuliza, nikajibiwa kwamba nitaelezwa nikifika.

Na kuna maswali yanayokuja upande wa pili. Wakala mmoja alinitaka nitume picha ya kusimama inayoonyesha mwili mzima, na mume wangu aeleze, kwa maandishi, kwamba ameridhia. Nilimjibu kwamba nimeomba kazi ya kufundisha, sikuomba kuposwa. Dada zangu mnaotafuta, picha ya mwili mzima haina kazi yoyote katika kufundisha sarufi, na anayeidai amekwisha kuwaambia jinsi atakavyowatazama.

Najua Muscat ina mvuto wake kwetu. Wapo Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanaozungumza Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu, na mji huu wa Tabora wenyewe ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Lakini wazee wetu Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hiyo walikuwa wakipatana ujira na posho kabla ya kunyanyua mzigo, na msafara ulipovunja mapatano, wapo waliotua mizigo njiani wakarudi makwao. Waliweza kurudi kwa kuwa miguu ilikuwa yao. Hilo ndilo swali ninalotaka mwalimu wa kike aanze nalo kabla ya kuuliza mshahara: nikishindwa, nitaweza kuondoka kwa uamuzi wangu mwenyewe, na ninaweza kufika nyumbani kwa njia gani?

Kwa kipimo hicho ndipo Kigali inapanda juu, ingawa mshahara wake ni mdogo kuliko wa Muscat. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu hapo imekuwa na haja ya kweli ya walimu wa lugha hiyo, kiasi cha kufanya makubaliano na Zimbabwe ili kuwapata. Mwaka 2022 serikali yake iliwaongezea walimu wake wenye stashahada na shahada asilimia 40 ya mishahara. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, inampa Mtanzania mwenye mkataba njia halali ya kuomba kibali cha kazi huko kama raia wa jumuiya. Wanafunzi wengi wa Kigali wanakijua Kiswahili kidogo, mwalimu hatakiwi kujifanya Mwingereza, na shida ya mtoto anayefikiri kwa lugha nyingine na kuandika kwa Kiingereza tunaijua sisi kuliko binti wa Manchester, kwa sababu tumeiishi kila Januari kidato cha kwanza kinapoingia. Na nikipata habari mbaya ya nyumbani napanda basi, navuka mpaka wa Rusumo, napitia Nyakanazi, Kahama na Nzega, naingia Tabora bila kumwomba mtu ruhusa.

Burundi iko karibu zaidi, hasa kwa wenzetu wa Kigoma, na Kiingereza kimekuwa miongoni mwa lugha zake rasmi tangu 2014, lakini malipo ni madogo mno na siwezi kumshauri mwenye watoto chuoni. Wapo pia wanaoniuliza kwa nini nisiende kufundisha Kiswahili, ambacho sasa kinatafutwa sana nje. Nakipenda Kiswahili, lakini sikusomea kukifundisha, na kukizungumza nyumbani si ujuzi wa darasani. Kosa hilo hilo ndilo ninaloliona kwa Wakorea wanapotanguliza pasipoti kuliko ujuzi wa darasani.

Nimalizie kwa lile ambalo wasomaji wale wawili hawakuligusa kabisa, nalo ni kiti tunachokiacha. Mwalimu wa serikali mwenye miaka 23 kazini amekwisha kuvuka michango ya miezi 180 inayompa haki ya pensheni ya PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55. Akiandika barua ya kuacha kazi kwa hasira au kwa furaha ya mkataba mpya, anakatisha mwajiri kumchangia asilimia 15 kila mwezi, na akirudi baada ya miaka 2 hana uhakika wa kuajiriwa tena, achilia mbali kurudishiwa daraja lake la mshahara. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu waombe likizo bila malipo kwa maandishi, wapitishe barua kwa mkuu wa shule hadi kwa mwajiri, na wasikate tiketi kabla ya jibu. Na kwa wanaohusika na utumishi wetu naomba mawili tu: watangaze kwa Kiswahili, nchi kwa nchi, masharti ambayo mwalimu Mtanzania anayatimiza na ambayo hayatimizi, ili mtu wa Urambo asiyategemee maneno ya wakala, na maombi ya likizo hizo yajibiwe kwa tarehe inayojulikana. Yangu niliyapeleka mwezi Machi. Shule za Rwanda hufungua mwaka wa masomo Septemba, nafasi yangu Kigali wataishikilia hadi mwisho wa Julai, na mpaka leo sijapata jibu la ndiyo wala hapana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiingereza (jina limehifadhiwa),
Isevya, Tabora